Sili Mpya Haiponyi Shokapu Iliyolika

Petite Barrière ni mpaka wa waenda kwa miguu. Malori huelekezwa Grande Barrière, na hapa wachuuzi wa Gisenyi na Goma hupishana na mizigo kichwani. Pikipiki hungoja pembeni. Tazama zile za zamani, Yamaha AG100 au Honda CG125: mara nyingi oili nyeusi imeteremka kutoka shokapu za mbele hadi kwenye ekseli. Dawa ya haraka kila mtu anaijua, sili mpya. Wiki chache baadaye oili inachuruzika tena, na muuza spea analaumiwa bure.

Lawama nyingine huangukia vumbi la lava. Volkano ya Nyiragongo iliimwagia Goma lava Januari 2002, ikafika tena viungani mwa mji Mei 2021, na mitaa mingi ya upande ule ni mwamba uliosagika. Vumbi hilo lina hatia, ila si ile linayosingiziwa. Kromu inayofunika bomba la shokapu ni ngumu kuliko madini mengi ya lava, kwa hiyo vumbi haliikati kirahisi. Linachokula ni mdomo wa mpira wa sili, kisha alumini iliyo ndani.

Na alumini ndiyo yenye kazi. Katika pikipiki nyingi ndogo za zamani hakuna bushi ya kubadilisha: bomba la chuma huteleza moja kwa moja ndani ya mguu wa alumini. Kila ukishika breki, gurudumu husukumwa nyuma, hivyo tundu halitanuki sawasawa. Hulika mbele na nyuma mpaka liwe na umbo la yai. Bomba likishacheza humo, sili yoyote itavuja, hata ya bei ghali.

Mkerezaji anaweza kulitanua tundu na kupachika bushi ya bronzi. Wengi hukosea wanapoufunga mguu kwenye mashine kwa kufuata tundu lililolika, kwa maana bushi mpya hukaa upogo uleule wa zamani. Kipimo cha kufuata ni kitako cha sili, kwani pale bomba haligusi. Tena bushi ikishasukumwa ndani kwa presi hubanwa na kipenyo chake hupungua kidogo, kwa hiyo ukubwa wa mwisho hukatwa baada ya kupachika. Iachwe nafasi ya milimita 0.05 hadi 0.1 hivi kati ya bomba na bushi; ikipungua bomba litakwama, ikizidi mchezo unarudi. Ukuta wa alumini ukiwa mwembamba, tafuta mguu mwingine. Mimi siwezi kumruhusu mtu ashuke mlima kwa mguu uliokwanguliwa hadi ukabaki ganda.

Bomba lenyewe lisikerezwe. Tabaka la kromu kwa kawaida ni sehemu chache tu za mia za milimita, na likiondoka kutu inaingia. Libiringishe juu ya kioo kinene: likiwa limepinda utaona mwanga ukipenya chini yake. Likiwa limenyooka ila limechakaa upande mmoja, na hakuna pini wala mfuo unaolilazimisha kukaa vilevile, lizungushe robo duara wakati wa kufunga ili upande mzima ndio ubebe breki. Wako mafundi wanaofanya hivyo kimyakimya na kutoza bei ya kazi kubwa.

Boliti za kubania ekseli zikazwe mwisho, baada ya kuikandamiza pikipiki mbele mara kadhaa ili miguu ijipange yenyewe. Zikikazwa mapema miguu huvutana, na bushi mpya huanza kulika siku hiyohiyo.