Sodiamu maabara: metali isiyozimwa kwa maji

Kipande cha sodiamu kinachotosha kwa jaribio la kemia darasani ni kidogo kuliko punje ya kunde. Mchemraba wenye upande wa milimita 4 una uzito wa takribani gramu 0.06 tu, na huo unatosha kuwaonesha wanafunzi jinsi metali hii inavyoelea juu ya maji, inavyoyeyuka na kuwa kitone cha mviringo, kisha inavyokimbia huku na huko hadi inapotoweka. Hatari huanza pale mtu anapodhani kuwa kipande kikubwa kitafundisha vizuri zaidi.

Sodiamu imo katika kundi la metali za alkali pamoja na lithiamu na potasiamu. Mkemia Mwingereza Humphry Davy aliitenga kwa mara ya kwanza mwaka 1807 kwa kupitisha umeme katika haidroksidi ya sodiamu iliyoyeyushwa. Ni laini kiasi cha kukatwa kwa kisu cha kawaida, ni nyepesi kuliko maji, na huyeyuka katika nyuzi joto 98 za Selisiasi. Sodiamu iliyomo katika chumvi ya mezani haina madhara hayo kwa sababu kila atomu yake imekwishapoteza elektroni yake ya nje. Ile ya maabara bado inayo, na inapokutana na maji huiachia papo hapo. Yanayobaki ni joto kali, gesi ya haidrojeni na haidroksidi ya sodiamu, ambayo watengenezaji wa sabuni huifahamu kwa jina la kostiki soda. Gramu 1 ya sodiamu hutoa takribani nusu lita ya haidrojeni, gesi inayoweza kuwaka ikifikia asilimia 4 tu ya hewa iliyopo.

Kwa miaka mingi mlipuko huo ulielezwa kwa haidrojeni pekee. Mwaka 2015, watafiti wa Prague, Jamhuri ya Cheki, akiwamo Pavel Jungwirth, walipiga picha kwa kamera za kasi kubwa tone la aloi ya sodiamu na potasiamu likianguka majini. Waliona kuwa kabla ya nusu ya elfu moja ya sekunde kupita, tone hilo lilikuwa limechomoza miiba kila upande, kwa kuwa atomu zilizopoteza elektroni husukumana kwa nguvu. Kwa mwalimu, ugunduzi huo una maana ya moja kwa moja: hakuna muda wa kurudi nyuma. Miwani ya kinga na kioo cha kukinga darasa viwekwe kabla ya kopo la sodiamu kufunguliwa.

Ugumu wa kuitunza metali hii ni kwamba maji yapo mahali pengi pasipotazamiwa: katika kiganja chenye jasho, kwenye bika lililosuuzwa dakika chache zilizopita, kwenye kitambaa cha kufutia meza, na hewani hasa katika miji ya pwani kama Tanga na Dar es Salaam. Ndiyo maana sodiamu huhifadhiwa ndani ya mafuta ya parafini au mafuta ya taa, katika chombo kilichofungwa vizuri, mbali na sinki na tindikali. Katika mazingira ya joto mafuta hayo hupungua taratibu, hivyo kimo chake kinapaswa kukaguliwa mara kwa mara. Kipande kilichochomoza juu ya mafuta kimekwishaanza kuharibika.

Sodiamu haishikwi kwa mkono. Hutolewa kwa kibanio kikavu, ikakatwa juu ya kigae kikavu, mafuta yakafutwa kwa karatasi ya kuchujia, na kipande kilichobaki kikarudishwa kwenye mafuta mara moja. Jaribio lifanyike katika beseni pana, kwa kuwa chombo chembamba hukusanya haidrojeni. Mtazamaji asiinamie beseni hata baada ya moshi kupungua, kwani kitone cha mwisho kinaweza kupasuka na kurusha kostiki moto hadi usoni.

Moto ukizuka, mazoea yote ya kawaida hugeuka. Maji na povu huuchochea. Kizimamoto cha kaboni dioksidi nacho hakifai, kwa sababu sodiamu inayoungua huinyang'anya gesi hiyo oksijeni na kuendelea kuwaka. Kinachofaa ni mchanga mkavu, chumvi kavu au poda maalumu ya moto wa metali, humwagwa taratibu hadi metali ifunikwe yote. Neno «mkavu» hapa lizingatiwe kikamilifu. Ndoo ya mchanga iliyoachwa wazi barazani tangu masika ni ndoo ya maji kwa jina lingine. Mchanga wa maabara ukaushwe kwa moto na ufunikwe.

Hata hivyo, maji hayo hayo ndiyo huduma ya kwanza kwa aliyejeruhiwa, jambo linalowachanganya wengi. Chembe za metali zilizoganda kwenye ngozi ziondolewe kwanza kwa kibanio au kitambaa kikavu, kisha sehemu hiyo imwagiwe maji mengi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 20 ili kuondoa kostiki. Jicho lioshwe bila kusubiri chochote, na majeruhi apelekwe hospitali hata kama maumivu yametulia, kwa kuwa kostiki huendelea kupenya ndani.

Eneo linalosahauliwa zaidi ni mabaki. Vipande vidogo vikitupwa kwenye sinki hukutana na maji ndani ya bomba, mahali ambapo haidrojeni haina pa kutokea. Vikitupwa kwenye pipa la taka pamoja na karatasi zenye unyevu, huweza kuwaka baada ya watu kuondoka. Utaratibu salama ni kuviweka katika chombo kikavu chenye mafuta ndani ya kabati la kufyonzea mvuke, mbali na miali yote, kisha kuongeza propanoli kavu kidogo kidogo hadi mapovu yakome kabisa, kazi inayoweza kuchukua saa kadhaa. Spiriti ya kawaida iliyochanganywa na maji haifai. Kisu na karatasi zilizogusa sodiamu hupitia njia hiyo hiyo.

Potasiamu inahitaji tahadhari zaidi. Ikikaa muda mrefu hujenga gamba la manjano ambalo huweza kulipuka kwa kukatwa au kusuguliwa pamoja na mafuta. Kipande cha namna hiyo kisiguswe, wataalamu waitwe.

Nchini Tanzania, shughuli za kemikali husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani, Sura ya 182, na huko ndiko shule yenye kopo la zamani lisilo na lebo inapopaswa kuomba ushauri kabla ya kulifungua. Moto ukizidi uwezo wa maabara, anayepiga namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ataje katika sentensi ya kwanza kwamba kinachoungua ni sodiamu, ili askari wasifike na kuanza kwa maji.