Amana ya familia: Nyumba California, shamba Kenya

Mtu anapofariki dunia nchini Marekani na kuacha nyumba iliyoandikishwa kwa jina lake peke yake, mara nyingi mahakama ndiyo husimamia mirathi kabla ya warithi kukabidhiwa mali yao.

Familia nyingi, zikiwemo za Waafrika Mashariki waishio huko, huepuka njia hiyo kwa kuunda amana wazazi wangali hai. Hata hivyo, amana hulinda tu mali iliyohamishiwa ndani yake.

Amana hii ni nini?

Ni mpango wa kisheria ambapo mali hukabidhiwa mdhamini, aitunze kwa manufaa ya watu waliotajwa.

Kwa kawaida mwenye mali huwa ndiye mdhamini wa kwanza. Huendelea kuishi katika nyumba yake, na anaweza kuiuza, kubadili masharti au kuivunja amana. Humtaja pia mtu wa kushika nafasi yake akifariki, au akiugua kiasi cha kushindwa kuendesha mambo yake.

Ina faida gani kuliko wosia?

Wosia hupitia mahakamani, na yaliyomo huwa wazi kwa umma. Gharama nazo si ndogo.

Sheria ya California humruhusu wakili wa mirathi kulipwa asilimia 4 ya dola 100,000 za kwanza, asilimia 3 ya dola 100,000 zinazofuata, na asilimia 2 ya dola 800,000 zinazofuata.

Kwa nyumba ya dola 900,000, malipo hayo hufikia dola 21,000. Msimamizi wa mirathi naye anaweza kudai kiasi hicho hicho. Hesabu hufuata thamani nzima ya nyumba, hata kama deni la benki halijalipwa.

Kwa vifo vilivyotokea tangu Aprili 2025, ipo njia fupi zaidi kwa makazi ya marehemu yasiyozidi thamani ya dola 750,000.

Familia hukosea wapi?

Kosa la kawaida ni kutia saini amana kisha kuifungia kabatini. Hati ya nyumba haina budi kuandikishwa upya kwa jina la mdhamini. Ikibaki kwa jina la marehemu, warithi wanaweza kujikuta mahakamani vile vile.

Wosia nao bado unahitajika, kwa kuwa ndimo mzazi humtaja mlezi wa watoto wadogo. Aidha, amana inayoweza kuvunjwa haimkingi mwenye mali dhidi ya wanaomdai.

Na shamba la nyumbani?

Ardhi hufuata sheria ya nchi ilipo. Amana ya California peke yake haihamishi umiliki wa shamba lililoko Kenya.

Kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa mkataba wa kukodi tu, usiozidi miaka 99. Ardhi iliyo katika amana huhesabiwa kuwa ya raia pale tu wanufaika wote wanapokuwa raia wa Kenya. Hivyo, kumwongeza mkwe Mmarekani katika orodha kunaweza kubadili hadhi ya shamba zima.

Sheria ya Kenya ilitambua rasmi amana za familia mwaka 2021, na shamba linaweza kuundiwa amana yake huko huko.

Mwenye mali pande zote mbili ahakikishe hati zake hazipingani. Wosia mpya unaotangaza kufuta nyosia zote zilizotangulia unaweza kuufuta pia ule alioandika nyumbani.