Bao Linaloisumbua Kompyuta

Je, wajua kwamba bao linalochezwa vijiweni Kibiti, na kule Nyamisati watu wakingoja boti ya Mafia, limeishinda kompyuta iliyokwisha kuumaliza mchezo wa ukoo huohuo?

Mwaka 2002, jijini Amsterdam, John Romein na Henri Bal waliitatua awari, mchezo wa Afrika Magharibi wenye mashimo 12 na kete 48. Mitambo yao ilipitia mipangilio 889,063,398,406 ya kete, ikathibitika kwamba wachezaji wawili wasiokosea hutoka sare. Mwaka huohuo, huko huko Uholanzi, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht waliandika jinsi ya kuifundisha kompyuta bao letu la Kiswahili. Hilo halijatatuliwa.

Chanzo ni kete zenyewe. Kwenye awari, kete ikiliwa hutoka ubaoni, basi kompyuta huanzia mwisho, zikiwa zimebaki mbili tatu, ikarudi nyuma hatua kwa hatua. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na iliyoliwa haitoki: aliyekula huipanda upya upande wake. Mchezo haupungui.

Halafu kuna namua, hatua ya kwanza ya mchezo, ya kushusha kete za mkononi. Kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi. Zilizopangwa ni 10 tu, sita katika shimo maalumu liitwalo nyumba, nyingine mbilimbili katika mashimo mawili ya jirani. Kila kete inayoshuka huleta maswali: ule wapi, uanzie kichwa kipi, cha kushoto au cha kulia, nyumba isafiri au usimame hapo? Tena kuna mitaji, yaani zamu za kula, isiyolala kamwe, kete zikazunguka bila mwisho, hivyo mwandishi wa programu hulazimika kuiwekea kikomo.

Kuhesabu, kompyuta haina mpinzani. Lakini Alex de Voogt aliyeuchunguza ufundi wa bao Zanzibar, na kuuandikia kitabu mwaka 1995, alikuta mafundi wenye uwezo mkubwa wa kuusoma mtaji kabla hawajagusa kete.

Ukipakua simuni mchezo uitwao mancala, tazama vizuri. Mara nyingi ni Kalah, uliobuniwa na Mmarekani William Champion: safu mbili, hakuna nyumba, hakuna namua. Huo si bao.

Kijana wa Kibiti unayesomea kompyuta, nenda kijiweni ukakae na wazee, uandike kanuni zao kama wanavyozicheza, kisha ututengenezee bao lenyewe, kwa Kiswahili.