Jimmy na Grace: Ndoa ya miaka 40 na watoto wa mtaa mzima

MWANAMKE amealika mgeni chakula cha jioni. Amepika nyama ya kondoo, ameweka santuri ya Louis Armstrong. Mgeni anachelewa kufika, na alipofika, nyama hakuipenda, muziki nao hakuupenda. Lakini kabla ya kuaga siku hiyo hiyo akamwambia mwenyeji wake, tuoane. Naye akakubali.

Hiyo ilikuwa mwaka 1953 huko Detroit, Marekani, mji wa viwanda vya magari. Mwanamke ni Grace Lee, binti wa wahamiaji kutoka China, mwenye shahada ya uzamivu ya falsafa. Mwanamume ni James Boggs, au Jimmy, Mmarekani Mweusi kutoka kijiji cha Marion Junction, Alabama, mfanyakazi wa kiwanda cha Chrysler.

Shahada ile haikuwa imempa Grace kazi ya kufundisha. Mwaka 1940, Mchina, tena mwanamke, nani angemwajiri? Alipata kazi ya maktaba Chicago kwa dola 10 kwa wiki, akaishi bure kwenye chumba cha chini ya nyumba kilichojaa panya. Panya hao ndio waliomkutanisha na majirani Weusi waliokuwa wakidai makazi bora, na hapo ndipo uanaharakati wake ulipoanzia. Sisi wa Afrika Mashariki tunamdai shukrani pia: alimsaidia Mbiyu Koinange, aliyekuja kuwa waziri Kenya, kuandaa kitabu cha kuitetea nchi yake wakati wa vita vya Mau Mau. Kilichapishwa Detroit mwaka 1955.

Jimmy yeye alianza utotoni. Kijijini kwao wazee wengi hawakujua kusoma, hivyo mtoto huyo ndiye aliyewaandikia barua. Alipohamia mjini hakuacha. Jirani mwenye fomu asiyoielewa, au mwenye mgogoro kazini, alijua wa kumwendea. Tangu mwaka 1962 waliishi Mtaa wa Field, na mlango wao haukujua kupumzika.

Mwaka 1963 Jimmy aliandika kitabu akionya kwamba mashine zitachukua kazi za watu, na vijana wengi hawatahitajika kiwandani. Onyo hilo lilitimia mbele ya macho yake. Kufikia miaka ya 1980 viwanda vingi vilikuwa vimefungwa, dawa za kulevya zimeingia, na watoto wanauana kwa bastola. Mama mmoja aliyempoteza mwanawe kwa risasi akaunda kundi la wazazi wenye msiba kama wake. Grace akawa mhariri wa jarida lao. Pamoja na majirani, wawili hao, wakiwa tayari na umri wa kuitwa babu na bibi, walitembea mitaani kupinga nyumba zilizouza dawa.

Mwaka 1988 meya, Coleman Young, alitaka kuleta kasino ili mji upate ajira. Wakazi, Jimmy na Grace wakiwamo, walipinga na kura ikawapa ushindi. Lakini meya alikuwa amewauliza swali gumu: ninyi mna nini cha kuweka badala yake? Halikuwa swali la kupuuza. Kijana asiye na kazi hali maandamano.

Jibu lao lilikuja mwaka 1992, kwa mpango walioupa jina Detroit Summer. Wakati wa likizo vijana walilima bustani kwenye viwanja vilivyoachwa, walichora picha kwenye kuta na kutengeneza vilivyoharibika. Wazee waliokulia mashambani kusini mwa nchi waliwafundisha kushika jembe. Watoto waliozoea kuitwa tatizo la mtaa sasa walikuwa na kazi ambayo mtaa uliihitaji.

Hapa ndipo Grace anapotugusa sisi wazazi. Alilalamika kwamba shule inamfundisha mtoto apate vyeti, aondoke, asirudi. Nani kati yetu hajasema, "Soma mwanangu, utoke hapa"? Mimi nimesema, na bado sioni kosa kubwa la kumtakia mtoto maisha mazuri. Ila mtoto anayeambiwa kila siku kwamba mtaa wake ni wa kukimbiwa, atauzoaje taka?

Tusidanganyane, bustani hazikuurudisha mshahara wa kiwandani. Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8, mwaka 2010 walibaki kama 714,000. Kasino nazo ziliruhusiwa kwa kura ya mwaka 1996.

Jimmy hakuliona hilo. Alifariki Julai 1993, mwaka mmoja tu baada ya bustani za kwanza, wakiwa wameishi pamoja miaka 40. Grace alibaki nyumba ile ile. Vijana walioshika majembe walikua, wengine wakaendelea kumletea watoto wengine sebuleni, naye akiwauliza maswali kuliko kuwapa majibu. Mwaka 2013, akiwa na miaka 98, ilifunguliwa shule ya msingi mjini humo yenye majina yao wawili, ambako wanafunzi hujifunza kwa kuushughulikia mtaa wao. Miaka miwili baadaye, Oktoba 5, 2015, alifariki nyumbani kwake, Mtaa wa Field.