Kabla Hujanunua Pikapu Mpya ya Gitaa

Msimu wa pamba ukifunguliwa, kwaya nyingi na bendi ndogo za mkoa wa Simiyu hupata nguvu ya kununua vifaa. Michango iliyokuwa ikidaiwa inalipwa, mwenyekiti anaitisha kikao, na gitaa haliachi kutajwa. Linavuma. Limefifia. Kinanda kikiingia, solo haisikiki tena. Kabla kikao hakijafungwa, mtu ameshasema kwamba pikapu zimekufa, zitafutwe nyingine Mwanza au Kariakoo.

Mwaka jana mpiga solo wa kwaya moja ya Itilima aliniletea gitaa lake hapa Bariadi, limefungwa ndani ya kiroba nyuma ya bodaboda. Dukani alikoulizia aliambiwa anunue seti nzima ya pikapu tatu. Nilipolifungua nikakuta nati ya jeki imelegea, jeki imezunguka mara kadhaa na waya wake umeng'oka. Tone moja la risasi ya kuchomelea lilitosha. Pikapu zote tatu zilikuwa nzima, na kwaya ilibaki na fedha yake. Nayaandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya wengine walio njiani kwenda kununua wasichokihitaji.

Kwanza tuielewe pikapu yenyewe. Watu wengi hudhani ni maikrofoni ndogo inayosikiliza mbao. Sivyo. Ndani yake mna sumaku, na kuizunguka sumaku hiyo umeviringwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, wenye unene wa milimita 0.063 hivi, mizunguko maelfu kwa maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, nguvu ya sumaku inayopita kwenye koili hiyo inayumba, na kule kuyumba kunazaa umeme kidogo ndani ya waya. Kanuni hii aliionyesha Michael Faraday mwaka 1831, na kila mwenye baiskeli ya zamani yenye dinamo ameiona kwa macho: tairi likizunguka, sumaku ndani ya dinamo inazunguka, taa inawaka. Kwenye gitaa, uzi ndio unaofanya kazi ya tairi. Gitaa la Rickenbacker lililopewa jina la utani la Frying Pan lilianza kuuzwa mwaka 1932 likiwa na pikapu ya namna hiyo, na tangu hapo kanuni haijabadilika.

Ukilielewa hilo, mambo kadhaa yanajieleza. Nyuzi za nailoni hazitoi kitu kwenye pikapu ya sumaku. Nyuzi zilizoota kutu na kujaa jasho hutoa sauti iliyolala, hata pikapu ikiwa mpya kabisa. Na gitaa kavu lenye tundu la kuchomeka waya kwa kawaida halina pikapu ya aina hii. Lina kipande kinachokandamizwa chini ya nyuzi, kwa hiyo ushauri wa makala hii haulihusu.

Basi kabla ya kununua, anza na yasiyo na gharama au yenye gharama ndogo. Badilisha nyuzi. Kisha pima urefu wa pikapu: bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho kabisa, halafu angalia nafasi iliyopo kati ya uzi na kichwa cha sumaku. Milimita 2 hadi 3 zinatosha kwenye magitaa mengi, upande wa nyuzi nene ukiwa chini kidogo kuliko upande wa nyuzi nyembamba. Skrubu mbili za pembeni ndizo zinazoipandisha na kuishusha. Nimeona pikapu zilizozama milimita 6 ndani ya bodi, wenyewe wakilalamika kwamba gitaa halina nguvu. Wengine huzipandisha mpaka zinakaribia kugusa nyuzi. Sumaku inauvuta uzi, na gitaa haliwezi kukaa kwenye tuni hata ulitune mara ngapi.

Baada ya hapo ndipo mita inapoingia. Mita ndogo ya fundi redio inatosha. Iweke kwenye omu, kipimo cha 20k. Chomeka waya kwenye gitaa, fungua voliumu yote, weka swichi kwenye pikapu moja, kisha gusisha mikono miwili ya mita kwenye jeki ya upande wa pili wa waya: mmoja kwenye ncha, mwingine kwenye shina. Pikapu nzima ya koili moja itasoma karibu kiloomu 5.5 hadi 7. Ya koili mbili, ambayo wapigaji huiita hambaka, itasoma 7 hadi 9, na zile zilizoviringwa mizunguko mingi sana hufika 16. Mita ikionyesha 1 au OL, kuna mahali waya umekatika. Usihukumu bado. Fungua gitaa, pima kwenye nyaya za pikapu yenyewe. Ikisoma vizuri hapo, tatizo liko kwenye swichi, voliumu au jeki, na vyote hivyo ni vya bei ndogo. Isiposoma hata hapo, koili imekatika kweli, na mara nyingi imekatikia pale waya mwembamba unapoungana na waya mnene, mahali ambapo jasho na vumbi letu la kiangazi hukutana. Fundi mwenye macho mazuri na mkono mtulivu anaweza kuunga hapo.

Kuviringa upya koili nzima ni shughuli nyingine. Tunao mafundi hodari wa kuviringa mota na feni, lakini waya wanaotumia kwa kawaida ni mnene zaidi. Ukiuweka kwenye pikapu, nafasi itajaa kabla hujafika hata robo ya mizunguko inayotakiwa. Kwa pikapu ya bei ya chini, ni afadhali ununue nyingine.

Sasa tuseme umepima na umethibitisha kwamba pikapu imekufa. Utanunua ipi?

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea, na hapa naomba msomaji awe nami polepole. Wauzaji wengi huisifia pikapu kwa namba ya kiloomu: hii ni 8, hii ni 12, hii ni 16, chukua ya 16 ina nguvu. Namba hiyo inapima ukinzani wa waya tu. Waya mwembamba zaidi huipandisha bila kuongeza mzunguko hata mmoja, na aina ya sumaku haionekani kabisa kwenye mita. Hata pale namba inapokuwa kubwa kwa sababu mizunguko ni mingi kweli, kuna gharama yake. Mizunguko ikiongezeka sauti inakuwa kubwa, lakini makali ya juu yanamezwa na koili yenyewe. Pikapu za namna hiyo zilitengenezwa kwa ajili ya muziki wa roki, ambako mpigaji anataka amplifaya ikoromee.

Muziki wetu hautaki hivyo. Sikiliza rekodi za Western Jazz, za Tabora Jazz, au solo ya Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz. Kila noti inasimama peke yake, inang'aa, rizimu inazunguka chini yake bila kuifunika. Kwaya zetu za leo zimerithi sauti hiyohiyo. Solo ya kwaya inapita juu kabisa ya vinanda, ngoma na sauti za waimbaji hamsini, na inapita kwa sababu ni kali na safi. Rafiki yangu mmoja wa Maswa alinunua hambaka ya kiloomu 16 yenye sumaku ya kauri, akaifunga karibu na briji, akaja kuniambia kwamba gitaa limekuwa kama linapigwa ndani ya debe. Tukaweka nyingine ya kiloomu 7.8 yenye sumaku ya alniko, ile aloi ya chuma iliyochanganywa alumini, nikeli na kobalti. Bei yake haikufika hata nusu ya ile ya kwanza. Solo ikarudi.

Ushauri wangu kwa mpigaji wa kwaya na wa dansi ni huu, na nausimamia: chukua pikapu ya nguvu ya chini au ya kati. Nguvu ikipungua utaiongeza kwenye mikisa. Makali yaliyomezwa na koili huwezi kuyarudisha kwenye mikisa.

Linalobaki ni mvumo. Umeme wa TANESCO unabadili mwelekeo kwa kasi ya hezi 50, na koili moja huunasa mvumo huo kutoka kwenye transfoma, taa za tyubu na jenereta vilevile inavyounasa mtikisiko wa uzi. Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson, aliomba hataza ya dawa yake mwaka 1955. Aliweka koili mbili kando kwa kando, sumaku zimegeuziana ncha na koili zimeunganishwa kinyume. Sauti ya uzi inajumlishwa, mvumo unajifuta wenyewe. Ukipiga mara kwa mara kwenye mkutano wa hadhara, jenereta ikiwa hatua kumi kutoka jukwaani, hambaka ni ya kwako. Kama gitaa lako lina matundu membamba ya koili moja, zipo hambaka nyembamba zinazoingia humo bila kuchonga mbao. Epuka tu zile zilizoviringwa kupita kiasi.

Anayependa ung'avu wa koili moja na hana fedha ya kubadilisha, atandike karatasi ya alumini, ile ya kufungia chakula, ndani ya shimo la pikapu na la voliumu, kisha aiunganishe kwa waya na shina la jeki. Ahakikishe haigusi waya wa sauti. Mkwaruzo wa taa utapungua sana, ingawa mvumo mzito wa transfoma utabaki.

Kuhusu majina, pikapu moja ya Seymour Duncan au DiMarzio ikiwa mpya huuzwa zaidi ya dola 80 za Marekani kabla ya usafiri. Ni pikapu nzuri, lakini magitaa mengi ninayoyaona huku hayafiki bei hiyo yenyewe. Wilkinson na Artec ni za kawaida, zimetengenezwa kwa uangalifu, na nyingi hupatikana chini ya dola 40. Chini yake ziko zisizo na jina kutoka China. Baadhi ni nzuri ajabu na baadhi hazidumu, kwa hiyo nunua mahali ambapo utaruhusiwa kupima kwa mita kabla ya kulipa. Ukikuta jina kubwa kwa bei ya kutupa, chukulia kwamba ni bandia, uilinganishe na zisizo na jina. Na usinunue seti ya pikapu tatu kama unatumia moja. Badilisha ile unayoipigia.

Vipimo ndivyo vinavyowatesa wanaoagiza kwa simu. Pima kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi katikati ya uzi wa sita, pale pikapu inapokaa. Hambaka nyingi huwa na milimita 50, au 52 hadi 53. Ukiweka ya 50 kwenye briji pana, nyuzi za pembeni zitapita nje ya vichwa vya sumaku na zinaweza kufifia. Pima pia kina cha shimo. Angalia namba iliyo mgongoni mwa voliumu: koili moja hupendelea kiloomu 250, hambaka 500. Ukiweka hambaka kwenye voliumu ya 250 haitaharibika, ila itakuwa nzito kidogo.

Wakati wa kuunganisha, piga picha nyaya kwa simu kabla hujang'oa hata mmoja. Kama baada ya kazi pikapu mbili zikipigwa pamoja zinatoa sauti nyembamba kama ya redio ya mbali, ilhali kila moja peke yake iko sawa, basi zinapingana. Geuza nyaya mbili za ile mpya, na kama ina kifuniko cha chuma, tenganisha kwanza waya wa kifuniko. Pikapu inayopiga mluzi voliumu ikipanda, koili yake imelegea. Nta ya mshumaa iliyoyeyushwa ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto huituliza. Usiyeyushe nta hiyo moja kwa moja juu ya moto, kwa sababu inawaka.

Na nasaha moja kwa mafundi mitambo wote, kuanzia Lamadi hadi Meatu: msikate pini ya athi kwenye plagi ya amplifaya ili mvumo upungue. Mvumo utapungua kweli, lakini kwenye gitaa nyuzi zimeunganishwa na athi hiyo. Siku amplifaya ikivujisha umeme, mpigaji ameshika nyuzi na midomo yake iko kwenye maikrofoni ya chuma, umeme utapita mwilini mwake.

Ukienda dukani, nenda na karatasi iliyoandikwa mambo manne: kiloomu za pikapu yako ya zamani, upana wa nyuzi, kina cha shimo, na namba ya voliumu. Muuzaji asiyetaka kuisoma karatasi hiyo, mwache, nenda duka la pili.