Saa ya Kwanza ya Mtoto wa Mbwa Aliyegongwa

Mtoto wa mbwa mwenye uzito wa kilo 2 ana damu ya mililita 170 hivi katika mwili mzima. Ikimiminwa yote kwenye chupa ya soda ya mililita 300, chupa haijai. Akigongwa na bodaboda na kupoteza mililita 60, yaani vijiko vinne vya chakula, theluthi ya damu yake imeshakwenda na maisha yake yako hatarini. Anayepita njia huenda akaona doa dogo tu kwenye lami, au asione kitu kabisa, maana damu ya ajali za namna hii mara nyingi huvujia ndani, tumboni au kifuani.

Hapo ndipo wasaidizi wengi hupotea njia. Macho yao hukimbilia mguu uliovunjika, kwa sababu mguu ndio unaoning'inia na ndio unaomfanya mnyama apige kelele. Lakini ni nadra mguu uliovunjika kuua ndani ya saa moja. Kinachoua haraka ni vitu visivyopiga kelele: damu inayovuja ndani, mapafu yaliyobanwa, baridi na sukari inayoporomoka mwilini. Habari njema ni kwamba baadhi ya hivyo vinaweza kupunguzwa makali kwa khanga, mkono safi na mwendo wa haraka.

Damu ikipungua, mwili hujitetea. Mishipa midogo ya ngozini hujibana ili kiasi kilichobaki kiende kwenye moyo na ubongo, nao moyo huongeza mwendo. Madaktari huiita hali hii shoku, na mtu yeyote anaweza kuitambua bila kifaa chochote. Anainua taratibu mdomo wa juu wa mbwa na kutazama fizi. Kwa mbwa mwenye afya huwa na rangi ya waridi. Ukizibonyeza kwa kidole huwa nyeupe, na ukiachia rangi hurudi ndani ya sekunde 2. Zikiwa nyeupe au za kijivu, au rangi ikichelewa kurudi, damu haifiki inakotakiwa. Mbwa waliozaliwa na fizi nyeusi hutazamwa upande wa ndani wa kope la chini.

Mapigo ya moyo, kwa upande wao, yanaweza kudanganya. Katika wiki za mwanzo za maisha, mishipa ya fahamu inayouongoza moyo haijakomaa. Mbwa mzima aliyepoteza damu moyo wake hudunda mbio, lakini wa mtoto mchanga huenda usiongeze mwendo inavyopaswa.

Kisha kuna baridi. Joto la mbwa mzima ni kati ya nyuzi 38 na 39 za Selsiasi, au kidogo zaidi. Mtoto wa mbwa ana ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, ana mafuta kidogo, na katika siku za mwanzo hata kutetemeka ili kujipa joto hawezi. Akilazwa kwenye sakafu ya saruji akiwa na shoku, joto humtoka upesi, na hilo halimletei tabu ya kuhisi baridi tu. Kuganda kwa damu hutegemea vimeng'enya vinavyofanya kazi vizuri katika joto la kawaida la mwili. Mwili ukipoa, vimeng'enya hivyo huzembea na damu huendelea kuvuja. Kumfunika kwa khanga au sweta kuukuu, basi, ni tiba halisi, si huruma tu. Chupa ya maji ya uvuguvugu inafaa pia, mradi izungushiwe kitambaa, kwani mnyama aliyelegea hawezi kujisogeza inapomuunguza.

Sukari nayo ina hadithi yake. Ini la mtoto wa mbwa huweka akiba ndogo sana, na mnyama aliyekaa saa kadhaa bila kula, huku akiwa na maumivu na baridi, anaweza kuishiwa. Hulegea, hutetemeka, wakati mwingine hupata degedege. Ikiwa yu macho na anameza vizuri, asali kidogo ikipakwa kwenye fizi humsaidia wakati yuko njiani kupelekwa kwa daktari.

Maziwa ni jambo jingine. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki maziwa hudhaniwa kuwa dawa ya kila kitu, kuanzia sumu hadi kuvunjika mguu, na mara mbwa anapoumia mtu hukimbilia kikombe. Mnyama aliyezimia nusu hamezi sawasawa. Anachomiminiwa mdomoni kinaweza kuteremka mapafuni, na hapo ajali moja imezaa nyingine. Isitoshe, daktari akihitaji kumpa dawa ya usingizi kwa ajili ya upasuaji, tumbo lililojaa humwongezea hatari.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye kabati la dawa. Diklofenaki, ibuprofeni na parasetamoli zimo katika nyumba nyingi, na kwa kuwa zinampunguzia binadamu maumivu, mtu huona si vibaya kumvunjia mbwa nusu kidonge. Ibuprofeni na diklofenaki huweza kumtoboa mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo, hasa figo ambazo tayari zinapata damu kidogo kwa sababu ya shoku. Parasetamoli ikizidi huumiza ini na kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni. Mtoto wa mbwa, ambaye ini na figo zake bado zinakua, hana nafasi ya kusamehe makosa ya vipimo. Kuuliza dozi kwenye kundi la WhatsApp hakubadilishi hesabu hiyo.

Kidonda kinachotoka damu hukandamizwa kwa kitambaa safi, moja kwa moja, kwa dakika tano bila kuchungulia. Kila mara kitambaa kinapofunuliwa, damu iliyokuwa inaanza kuganda hubanduka. Kidonda kichafu kisichovuja sana huoshwa kwa maji safi yaliyotiwa chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa kila nusu lita. Majivu na oili chafu ya gari viachwe vilipo. Vijiti vya kufungia mguu navyo huleta madhara mara nyingi kuliko faida: vikikazwa mno hukata damu, na mfupa wa paja hautulii kwa kufungwa, kwa kuwa kiungo cha nyonga kilicho juu yake hubaki huru. Ni afadhali mnyama alazwe juu ya ubao, kifuniko cha kreti au hata gunia lililovutwa likakaza, asafirishwe hivyo. Kama anahema kwa shida huku amenyoosha shingo, aachwe katika mkao aliouchagua mwenyewe.

Anayemgusa naye ana mwili wa kulinda. Mbwa mpole kuliko wote huuma akiwa na maumivu, hata akiwa na meno ya utoto. Khanga hurushwa juu yake kwanza, na mdomo unaweza kufungwa kwa kitambaa laini, isipokuwa kama anatapika au anapumua kwa tabu. Katika eneo letu tahadhari hii ina sababu nzito. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto walio chini ya miaka 15. Hao ndio wanaookota vilebu, yaani watoto wa mbwa, barabarani.

Watu wengi huamini kwamba kilebu hawezi kuwa na kichaa. Anaweza, hata akiwa chini ya miezi mitatu, na ndiyo maana kampeni kubwa za chanjo hushauriwa zisiwaache watoto wa mbwa. Aliyeng'atwa, au ambaye mate ya mnyama yamegusa mchubuko wake, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuulizia chanjo. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ugonjwa huu karibu kila mara huishia kaburini.

Pwani kuna jambo jingine linalowazuia watu: kwa Waislamu wengi mate ya mbwa ni najisi, na aliyeguswa hulazimika kujitwaharisha. Hilo halizuii msaada. Ubao, glavu au mfuko mgumu wa plastiki humwezesha mtu kumbeba mnyama bila kumgusa, na kila aliyesoma madrasa anaikumbuka habari ya mtu aliyeteremka kisimani akachota maji kwa kiatu chake amnyweshe mbwa mwenye kiu.

Kwa daktari, kazi huanza na yaleyale: pumzi na damu kabla ya mifupa. Mishipa ya mtoto wa mbwa aliye katika shoku huwa imenywea kiasi kwamba sindano haipenyi. Hapo daktari huweza kupitisha sindano hadi ndani ya uboho wa mfupa wa paja, na dripu hupita humo ikaingia kwenye mzunguko wa damu karibu kwa kasi ya mshipa. Kilebu akihitaji damu, mbwa mkubwa mwenye afya, wa kilo 25 au zaidi, humpa. Mbwa wana makundi ya damu, lakini kwa kawaida hawazaliwi na kingamwili kali dhidi ya kundi lililo muhimu zaidi, kwa hiyo uongezaji wa kwanza wa damu mara nyingi hupita salama hata pasipo muda wa kupima. Labda bahati hiyo ndiyo iliyomsaidia Richard Lower, tabibu wa Kiingereza, ambaye mwaka 1665 mjini Oxford alihamisha damu kutoka mbwa mmoja hadi mwingine, miaka 200 na zaidi kabla ya yeyote kujua kuna makundi ya damu.

Eksirei hufuata mnyama akitulia. Huko ndiko huonekana kiwambo kilichochanika kati ya kifua na tumbo, au hewa iliyovuja kuzunguka mapafu. Kibofu kilichopasuka kinaweza kukaa siku nzima au mbili kabla ya kuonyesha dalili, hivyo kilebu aliyegongwa kisha akainuka na kutembea bado anahitaji kupimwa. Mifupa michanga huunga haraka, pengine ndani ya wiki tatu au nne, lakini huunga vilevile ikiwa imepinda. Anayesubiri mwezi uishe apate fedha hukuta mguu umeshajifunga kombo.

Je, moyo ukisimama njiani? Miongozo ya kuwafufua wanyama, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2012 na kurekebishwa 2024, inataka kifua kibonyezwe mara 100 hadi 120 kwa dakika, kikishuka theluthi moja ya upana wake au zaidi kidogo. Ukweli usifichwe: wanaopona baada ya ajali kubwa ni wachache mno.

Kikwazo kikubwa hapa kwetu ni anwani. Nairobi ina KSPCA, shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama lenye asili ya mwaka 1910, na hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete. Morogoro ina Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na jirani na Arusha kuna kituo cha kuokoa wanyama kiitwacho Mbwa wa Africa. Kwingine kwingi, aliye karibu ni bwana mifugo wa kata, ambaye watu humdharau wakisema yeye ni wa ng'ombe. Dharau hiyo haina msingi. Anayejua kumwekea ndama dripu na kushona jeraha la mbuzi anaweza kumtuliza kilebu mpaka asafirishwe. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo si mbadala wake, hata kama rafu zake zimejaa.

Basi anayefuga mbwa aiandike leo namba ya bwana mifugo wake kwenye simu, aongeze na ya pili, na awaulize wote wawili swali moja: usiku wa manane mnapokea simu?