Sevisi Nje ya Wakala: Je, Dhamana ya Chombo Kipya Hufutika?

Chombo kipya cha moto kinapotoka dukani, kiwe gari, bajaji au pikipiki, mnunuzi hukabidhiwa kijitabu ambacho aghalabu huishia chini ya kiti bila ya kufunguliwa. Ndani yake mna ahadi ya mtengenezaji kwamba kasoro yoyote ya kiwandani itarekebishwa bure kwa muda uliotajwa. Kwa magari muda huo mara nyingi ni miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Kwa pikipiki na bajaji huwa mfupi zaidi. Ahadi hiyo ndiyo dhamana, au waranti kama wengi wanavyoiita, na swali linalowasumbua wamiliki ni moja: je, mtu akimwaga oili kwa fundi wa mtaani, dhamana hiyo inakufa?

Familia nyingi za kwetu hununua magari yaliyokwisha kutumika Japani, na hao swali hili haliwahusu. Lakini bajaji na pikipiki hununuliwa mpya, tena kwa fedha za marejesho au za mchango wa ukoo mzima, na taasisi zetu nazo zimeanza kununua magari mapya kwa ajili ya madrasa na shughuli za mazishi. Kwa kijana anayepaswa kupeleka hesabu kila jioni, injini ikifa mwezi wa tano na wakala akakataa kuitengeneza, deni hubaki palepale ilhali chombo cha kulilipia kimesimama.

Kabla ya yote hatuna budi kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Sevisi ya kawaida, yaani kubadilisha oili, filta na plagi, kukagua breki na kuongeza maji ya rejeta, ni gharama ya mwenye chombo tangu siku ya kwanza. Dhamana haiilipii. Vivyo hivyo vitu vinavyolika kwa matumizi, kama vile matairi, padi za breki, klachi na balbu, kwa kawaida havimo. Dhamana huhusu kasoro: chuma kilichotoka kiwandani na ufa, waya uliofungwa vibaya, pampu iliyokufa kabla ya wakati wake. Kasoro ya namna hiyo hurekebishwa kwa wakala na si kwingineko, maana yeye ndiye anayelipwa na mtengenezaji kwa kazi hiyo. Mwenye kumpa fundi wa mtaani afungue giaboksi iliyo chini ya dhamana, kisha akaipeleka kwa wakala ikiwa vipande ndani ya ndoo, asishangae akirudishwa. Mjadala wetu basi ni wa sevisi pekee.

Na mjadala huo ni mzito zaidi kwetu sisi tulio mikoani. Kutoka Lindi hadi Dar es Salaam, aliko wakala wa gari letu la msikiti, ni kilomita zipatazo 450. Kijitabu kinataka sevisi kila kilomita 5,000. Kwenda na kurudi ni kilomita 900, maana yake takriban moja ya tano ya safari zote za gari hilo ingetumika kulipeleka kwenye sevisi. Hapo hatujahesabu mafuta, malazi ya dereva, wala watoto wa madrasa waliobaki bila usafiri kwa siku mbili au tatu. Fundi mwenye ujuzi yupo hapa hapa, na kazi yenyewe haimalizi hata saa mbili.

Wenzetu wa nchi nyingine wamelitolea jambo hili sheria. Marekani ilipitisha mwaka 1975 sheria ijulikanayo kwa majina ya wabunge wawili, Magnuson na Moss, inayomkataza mtengenezaji kuifunga dhamana kwa sharti kwamba mteja atumie vipuri vyenye nembo fulani au sevisi ya mtu fulani, isipokuwa akiitoa huduma hiyo bure. Si sheria ya kabatini. Mwaka 2022 Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliichukulia hatua kampuni ya pikipiki ya Harley-Davidson kwa sababu masharti yake yaliwafahamisha wateja kwamba wangepoteza dhamana wakitumia vipuri vya watu wengine. Umoja wa Ulaya una kanuni ya mwaka 2010 yenye mwelekeo huohuo. Karibu yetu zaidi, Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilitoa mwongozo ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2021, unaowaruhusu wenye magari kwenda kwenye gereji huru wakati dhamana ingali hai.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mtu husoma habari hizo kwenye simu, akaona kuwa gari lake limeundwa Afrika Kusini, akadhani haki imekuja nalo. Haki ya namna hiyo haivuki mpaka pamoja na gari. Tanzania tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), nayo humlinda mlaji dhidi ya upotoshaji na mwenendo usio wa haki katika biashara. Hata hivyo, jambo la kwanza litakalotazamwa ni maneno ya mkataba wenyewe. Kama kijitabu kinasema sevisi zote zifanywe na wakala aliyeidhinishwa, na mnunuzi ametia saini, basi amekwishaingia katika sharti hilo. Nguvu ya mnunuzi iko kabla ya kulipa. Akiwa na fedha mkononi husikilizwa. Akirudi na malalamiko huambiwa asubiri.

Kamati yetu iliuliza kabla ya kununua. Tuliandika barua fupi tukitaka kujua kama sevisi za kawaida zingeweza kufanyika Lindi kwa oili na filta za kiwango kilichotajwa kitabuni, tukaomba jibu kwa maandishi. Muuzaji alisema kwa mdomo kuwa hakuna tatizo, nasi tukamshukuru, tukaendelea kusubiri karatasi. Ilikuja baada ya wiki moja, ina muhuri, na sharti lake lilikuwa moja: kumbukumbu za kila sevisi zitunzwe.

Karatasi hiyo ilitufaa mwezi wa 14. Altaneta iliacha kuchaji betri, gari likalala barabarani usiku. Tulipolifikisha kwa wakala, kijana wa mapokezi alifungua kitabu cha sevisi, akaona mihuri ya gereji ya Lindi, akatuambia dhamana imekwisha. Tulimuuliza kwa upole oili ya injini ina uhusiano gani na altaneta. Hakujibu. Tukatoa barua, tukatoa jalada la risiti, naye akamwita mkubwa wake. Altaneta mpya ilifungwa bila malipo. Gharama ya kulipakia gari kwenye lori hadi Dar es Salaam ilibaki juu ya msikiti, kwa kuwa kijitabu hakikuitaja, na hilo tuliona ni haki yao.

Jirani yetu mmoja, kijana wa bajaji, hakuwa na bahati hiyo. Alimwaga oili kwa wakati, tena kuliko wengi. Injini ilipoanza kugonga, wakala alimtaka ushahidi wa sevisi, naye akamleta fundi wake, mtu mzima mwenye heshima zake, aliyeapa kwamba kila oili imepita mikononi mwake. Kiapo hakikupokelewa. Wakala alitaka tarehe, kilomita na risiti, na hakukuwa na hata kimoja. Tulipomuuliza kijana kwa nini hakuwa akidai risiti, alisema fundi ni mzee wake, wanasali safu moja, angeona haya kumwonesha kwamba hamwamini. Twaielewa haya hiyo, maana tunayo sote. Lakini risiti haimsemi vibaya fundi. Humsemea huko asikokuwepo. Fundi mwenyewe, baada ya mkasa ule, amechonga muhuri na kununua kitabu cha stakabadhi.

Fundi asiye na mashine ya EFD asiwe kikwazo. Mwenye chombo anunue oili na filta mwenyewe kwenye duka linalotoa risiti ya EFD, ampelekee fundi, kisha fundi aandike kwenye daftari tarehe, kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi, aina na kiasi cha oili, namba ya filta, atie saini. Risiti zipigwe picha siku hiyohiyo: karatasi ile hufifia kwa joto, na iliyokaa miezi kumi ndani ya droo ya gari lililoegeshwa juani hugeuka karatasi tupu. Tena kilomita si kipimo pekee. Kijitabu kikisema kilomita 10,000 au miezi 6, gari linalotembea Ijumaa na siku za mazishi tu litafikia miezi kabla ya kilomita, na ikipita bila sevisi wakala atakuwa na hoja ya kweli.

Hoja nyingine ya kweli ni oili isiyofaa. Injini nyingi za siku hizi hutaka oili nyepesi, ya 5W-30 au hata 0W-20, ilhali madukani mwetu 20W-50 ndiyo iliyozoeleka na ndiyo rahisi. Kuimimina nzito kwenye injini iliyoundiwa nyepesi ni kumkabidhi wakala sababu ya kukataa, na hapo hata sheria ya Marekani isingemsaidia mtu, kwani huko pia mtengenezaji anaruhusiwa kukataa akionesha kuwa madhara yametokana na kipuri au kazi mbaya. Kwa pikipiki yenye klachi inayoogelea ndani ya oili ya injini, chupa itafutwe yenye alama ya JASO MA. Oili ya gari huweza kuifanya klachi iteleze. Filta bandia nazo zimejaa, zikiwa na maboksi mazuri kuliko ya zile halisi. Bei iliyo nusu ya bei ya maduka mengine itiliwe shaka.

Hatusemi wakala akimbiwe. Sevisi za mwanzo za pikipiki na bajaji mara nyingi huja na kuponi, na kuponi isiyotumika ni fedha iliyotupwa, ingawa neno bure hapo kwa kawaida huhusu ufundi na si oili. Ziara ya kwanza ndiyo inayofichua boliti zilizolegea na kasoro za mapema, na kwa maoni yetu inastahili safari hata ya mbali. Mtengenezaji akitangaza kuyarudisha magari ya toleo fulani kwa sababu ya kasoro ya usalama, hapo pia ni kwa wakala tu.

Dhamana ikikataliwa, mwenye chombo asiondoke na maneno. Aombe kwa maandishi majibu matatu: ni kipuri gani kimeharibika, ni nini kilichokiharibu, na ni kifungu gani cha kijitabu kinachomnyima haki. Mara nyingine ombi hilo peke yake hubadilisha jibu. Lisipobadilika, barua hiyo pamoja na nakala za kumbukumbu ndizo za kupeleka FCC, na nakala halisi zibaki nyumbani.